MNAMWAMBIA MSUKUMA APUNGUZE NG'OMBE: NGITILI YAKE IKO WAPI?

Kila kiangazi kikianza kuuma, husikika wimbo ule ule. Bwana mmoja hushuka garini, hutazama ardhi iliyo tupu, kisha hunyosha kidole: "Wafugaji mna ng'ombe wengi mno. Punguzeni!" Halafu hupanda gari lake akaenda zake. Wenye ng'ombe hubaki wakitazamana.

Ndugu wasomaji, wimbo huo si mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliuimba Usukuma kwa amri na faini. Watu walilazimishwa kuuza sehemu ya mifugo yao, wakapangiwa namna ya kulima, wakahimizwa kuhamia Geita. Walipopiga kelele, TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Je, majani yaliota kwa amri hizo? La hasha! Kilichoota ni chuki, na amri zenyewe zikafa.

Na ni nani aliyeivua nguo ardhi ile? Kabla ya amri za kupunguza ng'ombe, Serikali hiyo hiyo ilikuwa imekata misitu ya Shinyanga, ili kufukuza mbung'o. Pamba nayo ikala mbuga. Aliyekata miti akaja kumhukumu mwenye ng'ombe!

Twasema wazi: Msukuma hakungoja kufundishwa kwamba malisho yahitaji kupumzika. Ana ngitili. Mvua zianzapo, mnamo Novemba au Desemba, sehemu ya malisho hufungwa, na mfugo hauingii. Majani hukua, huchanua, hudondosha mbegu, na mizizi hujiwekea akiba. Julai au Agosti, kwingine kumekwisha kukauka, ngitili hufunguliwa kipande kwa kipande. Huanza ndama, wagonjwa, ng'ombe wazee na maksai wa jembe. Hiyo ni benki ya mchungaji, na anayechota humo kabla ya wakati wake huadhibiwa.

Mtaalamu gani atasema hilo ni ujinga? Jani likilishwa kila linapochomoza, mzizi hutumia akiba yake mpaka ukaisha. Majani ya kudumu hufa, hubaki yale ya msimu mmoja, kisha udongo mtupu, na mvua ikinyesha maji hukimbia badala ya kuzama. Kukosa mapumziko huua malisho. Hata ng'ombe wachache, wakiachwa mahali pamoja mwaka mzima, waweza kupamaliza.

Lakini haki ni haki, nasi tusijifiche nyuma ya mkoloni. Tulipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, familia nyingi ziliziacha ngitili zao nyuma, zikakosa mwenyewe. Aliyefanya hivyo si Mwingereza, ni sisi. Mpaka Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Mwanzoni walipanda miti ya vitaluni, tena mingine ya kigeni. Ilipoonekana kwamba wananchi wanayo njia yao, ikafuatwa hiyo. Ngitili zilizojulikana mwaka ule zilikuwa hekta 600 hivi. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipofungwa, zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujamegwa mwaka 2012. Migunga ilichipua yenyewe kutoka visiki vilivyodhaniwa vimekufa. Sheria ndogo zilisimamiwa na vijiji, pamoja na dagashida na sungusungu. Hakuna askari aliyetumwa kuhesabu ng'ombe wa mtu.

Basi kwa nini wimbo wa zamani unaimbwa tena? Kwa sababu ni rahisi kumlaumu mchungaji kuliko kumhakikishia ardhi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, Usangu, wengi wao Wasukuma waliotoka kwao kutafuta majani. Walipelekwa Lindi na kwingineko, na ng'ombe wengi wakafa njiani. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo alipo, atafunga malisho kwa ajili ya nani?

Kuna na adui wa ndani. Ngitili ya kijiji ikishanawiri, hujitokeza mwenzetu mwenye fedha, akaizungushia miba, akasema ni yake. Maskini mwenye ng'ombe watatu hubaki barabarani akilisha kando ya lami. Huyu naye twamwita mnyang'anyi, hata kama hukaa viti vya mbele mkutanoni.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanakijiji nguvu juu ya ardhi yake. Sheria ya nyanda za malisho ya mwaka 2010 nayo ipo. Karatasi hizo zisifungiwe kabatini. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, ndugu, nenda. Mwambie mwenyekiti atandaze ramani ya matumizi ya ardhi mbele ya watu wote, aonyeshe kwa kidole: ngitili ya wote ni hii, mipaka yake ni hapa na hapa, hufungwa mwezi fulani, hufunguliwa mwezi fulani. Akikosa ramani, aulizwe lini itachorwa, na jibu lake liandikwe katika muhtasari kabla mtu hajaondoka.