Chuchu Iliyozama na Kisu cha Daktari

Kwa kuona haya hatulitaji jambo hili, na binti akienda kupasuliwa hajui la kuuliza. Matabibu Han na Hong wa Korea, mwaka 1999, waliigawa hali hii daraja tatu. Chuchu ikitoka kwa vidole ikakaa, mshono hutosha; ikitoka kisha ikarudi, hulegezwa nyuzi za nyama zinazoivuta, mishipa ya maziwa ikasalimika. Ile isiyotoka ila kwa shida, mara nyingi mishipa hukatwa, na titi hilo huenda lisinyonyeshe. Basi na aulize kabla ya kulala mezani: mishipa yangu itabaki? Tena wapo walionyonyesha bila kisu, kwani mtoto hushika titi, si chuchu peke yake. Lakini iliyozama ghafla ukubwani ionyeshwe daktari upesi; huenda ni saratani.