Jina la Mama Liandikwe Nyuma ya Kitambaa

Akina mama, dada na mabinti zetu wa Haltom City, Fort Worth na Houston, kabla hamjakikunja tena kile kitambaa cha kochi na kukirudisha kabatini, kigeuzeni nyuma. Kama hakuna jina la aliyekifuma, wito huu ni wenu. Tafuteni kipande kidogo cha pamba nyeupe, kiandikwe jina lake kamili, mahali na mwaka, kisha kishonewe pembeni. Ombi lenyewe ni hilo tu. Yanayofuata ni ya kumshawishi yule atakayesema, "Kitambaa tu hicho, kina nini?"

Wengi wetu wenye asili ya mashariki ya Kongo tumefika Texas kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Huko sindano ilikuwa kazi, kipato na mahali pa kupigia soga. Kitambaa kimoja nilichokiona kwa jirani hapa Haltom City kina pembetatu za bluu na za rangi ya machungwa, zinapishana safu kwa safu. Katikati uzi wa bluu ulimwishia mfumaji, akashika wa zambarau. Mwingine angeuficha. Yeye aliutafutia nafasi kila kona, akapunguza upana wa safu, na nusu ya chini ya kitambaa ikapata mwendo mwingine kabisa. Humo hamna ua, ndege wala nyumba. Ni rangi na mistari inayojibizana. Hiyo ni sanaa dhahania, iwe imetundikwa ukutani au imekaliwa na watoto wanaotazama televisheni.

Ulaya nako, sehemu ya sanaa hiyo ilianzia mikononi mwa wanawake na vitambaa vyao. Mwaka 1911, jijini Paris, Sonia Delaunay alimshonea mwanawe mchanga, Charles, blanketi la viraka, kwa mtindo wa wanawake wa vijijini aliouona alikotoka. Siku hizi vitabu vya sanaa vinalitaja blanketi hilo miongoni mwa kazi zake za mwanzo za kidhahania. Sophie Taeuber-Arp alifundisha ufumaji na udarizi mjini Zurich kuanzia 1916 hadi 1929, akiweka miraba na duara zake kwenye mito na mikoba. Mwaka 1995 sura yake ilitiwa kwenye noti ya faranga 50 ya Uswisi. Mwanamke wa sindano kwenye noti!

Sasa tazameni kwetu. Katika msitu wa Ituri, wanaume wa Wambuti hupondaponda gome la mti mpaka lilainike kama nguo, kisha wanawake hulichora kwa kijiti au kidole, kwa rangi nyeusi ya maji ya matunda ya msituni na mkaa. Mstari huanza, hukatika, hurukia upande wa pili. Sehemu nyingine huachwa tupu makusudi. Nguo hizo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, watu husimama mbele yake na kushangaa. Ukisoma kibao, mara nyingi utakuta kabila, na jina la mchoraji halipo. Aliyezikusanya hakuuliza, au aliuliza asiandike. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kuliandika kwa upole.

Jirani zetu wa Alabama walipata bahati tofauti. Mwaka 2002 Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston lilifungua maonyesho ya mablanketi ya viraka ya wanawake Weusi wa Gee's Bend, mengine yakiwa yameshonwa kwa suruali za jinzi zilizochakaa shambani. Kila blanketi lilikuwa na jina la mshonaji: Annie Mae Young, Loretta Pettway, Mary Lee Bendolph. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye michoro yao. Sifa haikumaliza mambo. Mwaka 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani kudai malipo na haki zao juu ya michoro hiyo. Lakini waliweza kudai, kwa kuwa ilijulikana nani kashona nini. Sheria ya Marekani humlinda mbunifu tangu kazi yake mwenyewe inapokamilika, hata kabla ya kuisajili. Mtindo wa mababu si wa mtu mmoja, sawa. Ule uamuzi wa kuingiza zambarau ni wa mama fulani, na ana jina.

Mji wetu huu umebeba jina la sonara wa Fort Worth, bwana Haltom. Sioni kwa nini wanaofuma ndani yake wakose majina yao.

Kwa hiyo, vijana, Jumamosi moja kaeni na bibi, au koko kama mnavyomwita nyumbani. Kipigeni picha kitambaa chake mbele na nyuma, mmwulize alianzia wapi na uzi ulitoka wapi. Wapelekeni akina mama kwenye makumbusho ya sanaa, Amon Carter pale Fort Worth, au Menil kule Houston. Kote huko hakuna kiingilio. Wasimame mbele ya michoro ya mistari na miraba, waseme ipi imelegea na ipi imekaza. Wana macho ya kazi hiyo. Nanyi mnaonunua mashuka ya kudarizi kwa ajili ya harusi, msipunguze bei mpaka mama apate hasara ya uzi, na mkiweka picha mtandaoni, mtajeni.

Kwa kile kipande cha pamba, tumieni kalamu ya wino usiofutika, mpige pasi kabla ya kushona. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua, na jina liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka, si kama lilivyokosewa kwenye karatasi za uhamiaji.