Kalamu Nyekundu na Jicho la Mjuzi

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kusahihisha insha za Kiswahili katika shule moja hapa Machakos. Kikamba hakina sauti ya r, kwa hivyo kalamu yangu ilijua pa kuvizia. Mwanafunzi mmoja aliandika, "Tangu Jumapili hatujakura." Nikakata neno hilo, nikaandika juu yake "hatujala", nikaendelea na ngeli. Nilimpa alama kumi na mbili kwa ishirini. Aliyeshtuka ni mwalimu wa hisabati, aliyelifungua daftari kwa bahati tu: "Daktari, umeona anachosema mtoto huyu?" Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Je, ujuzi hupofusha? Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwaomba watu wahesabu pasi za mpira katika filamu fupi. Takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa ngozi ya gorila akipita katikati ya wachezaji. Waweza kusema hao si wajuzi wa lolote. Basi mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake waliwapa madaktari 24 wa eksirei picha za mapafu, watafute vivimbe. Ndani yake walichomeka picha ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha wastani. Madaktari 20 hawakuiona, na 12 kati yao macho yao yalitua papo hapo ilipokuwa!

Hata hivyo, tusikimbilie kuulaumu ujuzi. Watu 25 wasio madaktari walipewa kazi iyo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemwona gorila. Kwa hivyo aliyetupofusha ni ile kazi tuliyoitumikia wakati huo. Ujuzi haukutuokoa, basi. Mwalimu wa hisabati hakuwa na jicho kali kunishinda. Hakuwa akiwinda makosa.

Ndiyo maana nawashauri walimu, hasa wanagenzi walio vyuoni, waisome kila insha mara ya kwanza kalamu ikiwa imefunikwa. Najua mwenye rundo la daftari hamsini na kengele ya saa mbili asubuhi atanicheka. Nami siwezi kumdai muda asio nao. Wakuu wa shule ndio wanaopaswa kuutenga katika ratiba. Mimi sasa nasoma hivyo, na kazi iliyokuwa ikinichukua jioni moja hunichukua mbili.