Lawama ya Moshi

Lawama ina tabia ya maji: huteremka daima, na hutua mahali palipo chini kabisa. Msitu ukikatwa, kijito kikikauka, au samaki wakipungua ziwani, husakwa mkosaji. Na mkosaji huyo aghalabu huwa ni mtu asiye na gazeti la kujitetea. Katika habari nyingi za mazingira zinazohusu mkoa wa Kigoma, mtu huyo ni mama apikaye kwa mkaa na baba ashukaye kilimani na mzigo wa kuni juu ya baiskeli. Yasemwa kuwa hawa huharibu kwa sababu hawajui. Yasemwa kuwa wakielimishwa watachagua vyema. Na yasemwa kwa upole, kana kwamba upole waweza kuigeuza dhuluma kuwa haki.

Kauli hiyo yafaa ipingwe. Haipingwi kwa kuwa misitu haiharibiki. Misitu yaharibika, na anayekana hilo hana macho. Yapingwa kwa sababu ni dawa ya ugonjwa mwingine. Humpa maarifa mtu aliyekosa fedha, na humnyima fedha mtu aliyekwisha kuwa na maarifa.

Mwandiga ni mji mdogo ulio jirani na mji wa Kigoma, mahali inapoanzia barabara ya lami ya kilomita 60 iendayo Manyovu, mpakani mwa Burundi. Mahali pa njia panda hapakosi soko. Mazao ya milimani hushuka, dagaa na migebuka hupanda kutoka ziwani, na mkaa hupita katikati yao kama bidhaa nyingine yoyote. Atakaye kujua kwa nini mkaa haukosi mnunuzi asianze kwa kuuliza watu wanajua nini. Na aulize kwanza mkaa wapimwaje. Wauzwa kwa gunia kwa mwenye uwezo, kwa debe kwa mwenye uwezo wa kadiri, na kwa kopo kwa yule aliyepata leo fedha ya leo. Gesi haina kopo. Mtungi mdogo uliozoeleka, ule wa kilo 6, hudai fedha yake yote kwa mkupuo mmoja. Mkaa humfuata maskini hadi pale fedha yake ilipoishia. Gesi humtaka maskini aifuate pale bei yake ilipoanzia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa kopo methali hiyo hugeuka kuwa hasara, kwani kibaba chake hujaa huku mfuko wake ukitoboka. Huenda mwisho wa mwezi hesabu ikaonyesha kwamba makopo yote yamezidi bei ya gesi. Wataalamu hupenda kumwonyesha hesabu hiyo, nao husema kweli. Lakini hesabu ya siku ya thelathini haimfai mtu aliyekosa fedha ya siku ya kwanza. Tena gesi yenyewe huingia nchini kwa meli, ikashushwa katika bandari za pwani, ndipo ikaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka mwambao wa Tanganyika. Umeme nao una kisa chake: kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya taifa, taa zake zikiwashwa kwa mitambo ya dizeli. Aliyeambiwa wakati ule aache moshi wa jiko lake apikie umeme, aliambiwa kwa maneno mengine auhamishie moshi huo kwenye bomba la jenereta.

Ama madai ya ujinga, historia ya vilima hivyo hivyo yayakanusha. Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya eneo hilo, akaiona hifadhi imebaki kama kisiwa cha miti kilichozungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yenye jina lake ilianzisha katika vijiji vya Kigoma mpango uitwao TACARE. Mpango ulikuja na nia ya kupanda miti. Wanakijiji walipoulizwa haja zao, waliyotaja mbele ni maji, matibabu na shule za watoto. Mpango ukalazimika kujifunza. Pamoja na vitalu vya miche na majiko yenye kubana kuni, ukashughulika na maji, afya, na mikopo midogo kwa wanawake. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya kijiji, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Basi na aulizwe mwenye kuhimiza elimu: katika kisa hiki elimu ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani?

Vilima hivyo havikuvuliwa nguo na jiko peke yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, na palipokusanyika watu pakakusanyika mashoka. Vita vya Burundi na Kongo vilileta mkoani wakimbizi kwa maelfu na maelfu, watu waliohitaji moto kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote. Mashamba ya mihogo na michikichi yakapanda miteremko. Hapa ndipo upo upendeleo wa ajabu katika lugha ya habari. Tangu mwaka 2018 serikali imefanya bidii kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, na bidii hiyo ina sababu njema, kwa kuwa nchi hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Lakini mti wa porini ukifyekwa kuupisha mchikichi, tendo huitwa maendeleo. Mti ule ule ukikatwa kuivisha maharage, tendo huitwa uharibifu. Mti haukujua tofauti hiyo. Tofauti imo katika cheo cha mkataji.

Ziwa nalo latoa ushahidi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vyema na maji ya chini yenye rutuba; chakula cha samaki hupungua hata pale mvuvi asipozidisha nyavu. Joto hilo halikutoka Mwandiga. Mtanzania mmoja hutoa kwa mwaka hewa ya ukaa isiyofika nusu tani, na Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Hata hivyo, upande wa Tanzania ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zenye kulimiliki, aliyeanika nyavu zake ni mvuvi wa Kigoma. Kufungwa huko kwaweza kuwa na manufaa, kwa maana uvuvi uliozidi ni kosa la kweli. Lakini ni haki kusema waziwazi kwamba mwenye deni dogo ndiye aliyegongewa mlango kwanza.

Wapo watakaojibu kwamba yote haya ni kumtetea mwenye shoka, na kwamba mti ukianguka umeanguka, awe aliyeuangusha ni tajiri au maskini. Jibu hilo lina uzito nalo lisidharauliwe. Moshi huo huo unaotetewa huingia kwanza katika kifua cha mama mwenyewe na cha mtoto aliye mgongoni mwake. Hakuna heshima katika kumwachia mtu sumu kwa jina la kumhurumia. Lakini swali halikuwa kama hali hii yafaa ibadilike. Swali ni kwamba hubadilishwa na nini. Na juu ya swali hilo nchi hii imekwisha kujifanyia majaribio matatu.

Jaribio la kwanza ni la mwaka 2006, serikali ilipopiga marufuku mkaa. Marufuku hayo hayakudumu, kwa sababu jiko halikupewa kitu cha badala, na tumbo halisomi matangazo. Jaribio la pili ni la tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipokatazwa Tanzania Bara. Hapakungojwa kila mnunuzi aelimike na kuchagua. Kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia vyote vilizuiwa kwa siku moja. Mifuko ya vitambaa na ya karatasi ikatokea, na kikapu, ambacho hakikuwa mgeni sokoni, kikarudi mkononi. Watu waliodaiwa kuwa hawana mwamko wakabadilika kwa muda mfupi kuliko muda wa kuandaa semina. Jaribio la tatu lilianza Kilosa, mkoani Morogoro, mwaka 2012. Huko vijiji viliruhusiwa kuchoma mkaa katika misitu yao wenyewe kwa utaratibu: eneo likatwe kwa zamu, visiki viachwe vichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudiwa, na ushuru ubaki kijijini. Pale msitu ulipokuwa mali ya kijiji, kijiji kikapata sababu ya kuulinda.

Majaribio hayo yasema jambo moja. Amri isiyo na badala hushindwa. Amri yenye badala hufaulu. Na mwenye faida katika mti hawi adui wa mti. Neno elimu halikuwa msingi katika lolote kati ya hayo matatu.

Tarehe 8 Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema, na ndiyo maana yafaa ilindwe dhidi ya marafiki zake. Mtungi uliogawiwa bure mbele ya wapiga picha haujawa nishati. Huwa nishati unapojazwa mara ya pili, mara ya tatu na mara ya kumi, kwa fedha ya mwenye nao. Mwandishi wa habari aliyehudhuria ugawaji na asirudi baada ya miezi sita hakuandika habari ya mazingira, aliandika habari ya sherehe. Ndivyo ilivyo pia kwa mti uliopandwa na kiongozi: mche si habari, habari ni mti.

Sehemu ya lawama hii ni ya vyuo. Tasnifu ngapi zimefunga kurasa zake kwa pendekezo lile lile, kwamba "elimu itolewe kwa wananchi"? Sentensi hiyo yafaa ichunguzwe na kila mwanafunzi wa lugha. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa, mtoaji hatajwi, gharama haitajwi, tarehe haitajwi; anayetajwa ni mpokeaji peke yake, naye ametajwa kama mtu mwenye upungufu. Ni sentensi iliyojengwa ili asiwepo wa kudaiwa. Neno "kuchagua" nalo lina hila kama hiyo. Kuchagua kwataka vitu viwili. Aliyewekewa kimoja hachagui, hupokea.

Mwanachuo atakayekwenda Mwandiga na aandike sentensi zenye mtenda. Na aandike gesi yauzwa kiasi gani hapo, na nani aweza kuifanya iuzwe kwa kipimo kidogo kama mkaa uuzwavyo. Na aandike ni vijiji vingapi vimekwisha kutumia haki ya kutenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na vile ambavyo havijatumia vilizuiwa na nani. Na aandike ushuru wa gunia la mkaa huishia katika sanduku gani. Akishayajibu hayo, akaona bado pana nafasi ya kuwalaumu wapishi kwa ujinga wao, na awalaumu. Kabla ya hapo, kitanda asichokilalia hajui kunguni wake.