Mwenye Nyumba ni Nani?

Watu wa Hadado, mji mdogo wa wafugaji ulioko magharibi ya Wajir, wamo katika uhamaji usiofanana na ule wa wazee wao. Wazee walihama pamoja na nyumba zao. Wana na wajukuu wanahama kutoka katika nyumba hizo. Nyumba ya duara ya mikeka, ambayo Wasomali huiita aqal, inapungua mwaka hata mwaka, na nyumba ya pembe nne yenye paa la mabati inaongezeka. Mwenye uwezo hujenga kuta za mawe au matofali; asiye nao hupigilia mabati pande zote, akaezeka mengine juu. Wengi huyaita mabadiliko haya maendeleo. Wachache huyalilia kuwa ni kifo cha mila. Nadai kwamba makundi haya mawili yote hutazama paa, yakamsahau aliye chini yake.

Kwanza yafaa tujue kinachoachwa. Aqal si kibanda kilichobuniwa kwa haraka na mtu aliyekosa kitu bora. Ni nyumba kamili inayofunguliwa vipande vipande, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena mahali penye malisho. Fito zake hupindwa zikauke zikiwa na umbo la upinde, nazo hufungwa pamoja kwa kamba kisha hufunikwa kwa mikeka na ngozi. Wakati wa safari fito zile zile hufungwa juu ya ngamia zikawa matandiko ya kubebea mizigo. Kwa hiyo nyumba hugeuka chombo cha kuichukulia nyumba. Ni mafundi wangapi wa miji mikubwa wawezao kujisifu kwa hesabu ya namna hii? Na fundi wa kazi hii yote ni mwanamke. Yeye husuka mikeka, yeye husimamisha fito, yeye hufungua na kupakia. Mama na jamaa za bibi arusi hushirikiana kumtayarishia nyumba yake ya kwanza, kazi ya miezi mingi, ikiambatana na nyimbo ambazo wanawake wa Kisomali hutunga kwa ajili ya kusuka.

Wenye kuidharau nyumba hii wasema kwamba imepitwa na wakati. Waulizwe imepitwa katika lipi. Si katika kupambana na joto. Jua la Wajir hupandisha joto mara kwa mara hata kufikia digrii 35 na kuzidi, na bati ni mpokezi mwepesi wa moto: saa sita mchana nyumba ya mabati isiyo na dari huwa kama tanuri, na wenyewe hutoka wakaenda kukaa chini ya mti, wakaiacha fahari yao imefungwa kwa kufuli. Mkeka hupitisha upepo, wala haurushi joto juu ya kichwa cha mtoto aliyelala. Katika Ujerumani, nchi ya mawe, chuma na saruji, alikuwapo mjenzi aitwaye Frei Otto ambaye mnamo 1964 alianzisha huko Stuttgart taasisi ya kuchunguza majengo mepesi. Yeye alishiriki kubuni paa la uwanja wa Olimpiki ya Munich ya 1972, paa lililotandazwa kama hema, na mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Pritzker, mojawapo ya tuzo kuu za ujenzi duniani. Wepesi ambao Mjerumani ametukuzwa kwa kuutafuta ndio bibi wa Hadado aonao haya kwa kuurithi.

Lakini wanaoililia aqal nao hawana haki kubwa kuliko hao. Wengi wao wanaililia kutoka katika nyumba za ghorofa za Nairobi, zenye maji ya mfereji, na huja Wajir kwa siku mbili tatu kupiga picha. Hawajapata kupakia nyumba alfajiri huku mtoto analia mgongoni. Wala watu hawakutulia mjini kwa kufuata mtindo tu. Katika miaka ya vita vya Shifta, baada ya 1963, serikali iliwakusanya wafugaji wengi wa kaskazini mashariki katika vijiji vya ulinzi, na hapo mifugo mingi ikafa. Ukame wa 1984 uliwafilisi wengine. Tena kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mwezi wa Desemba 2021 dunia nzima iliona picha ya twiga waliokufa katika ukame huo huko Sabuli, katika Wajir hiyo hiyo. Aliyepoteza ngamia wa kupakia amepoteza miguu ya nyumba yake. Mtu huyo akikaa karibu na kisima, shule na zahanati, nani wa kumlaumu? Binti yake asome. Kusuka mikeka si ibada ambayo binti akiiacha atahukumiwa.

Kuhusu starehe sitasema mengi, kwa sababu hasara yake ni ndogo kuliko inavyopigiwa kelele. Wazee waliocheza shax mchangani, kila mchezaji na vijiwe vyake 12, wanaona vijana wakicheza kwa simu na kutazama mpira wa Uingereza. Kila zama zina mchezo wake. Maafisa wa Kiingereza waliotawala Wajir walikuwa na klabu yao ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, katika nchi isiyo na bahari wala ziwa! Miraa ndiyo inayonitia shaka, kwa maana hula fedha ya maziwa na muda wa baba kwa pamoja.

Sasa tufike kwenye kiini. Aqal ilikuwa mali ya mke. Hili si jambo la heshima ya maneno tu. Lilikuwa sheria ya mila. Ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyeondoka, na mke alifungua fito zake akaenda nazo kwa jamaa zake. Mwanamume mwenye ngamia mia alilala katika nyumba ambayo si yake. Nyumba ya mabati, kinyume cha hayo, husimama juu ya kiwanja, na kiwanja huombwa, hupimwa na huandikwa. Na jina linaloandikwa kwa kawaida ni la mume. Basi mwanamke aliyeingia mjini akiwa mwenye nyumba amekuwa mkaazi katika nyumba ya mtu mwingine, bila ya kugombana na mtu na bila ya kuulizwa neno. Akiachwa leo, ataondoka na nini? Bati halikunjwi likapakiwa juu ya ngamia.

Najua jibu la waume. Husema, "Mimi niliuza ngamia nikanunua mabati, nyumba ni yangu." Lakini ngamia yule alinyweshwa na nani, na watoto walilishwa na nani alipokuwa malishoni? Fedha ya saruji mara nyingi ni fedha ya maziwa aliyouza mke sokoni. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya 2013 hukubali kwamba kazi ya nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika mali; na kwa kuwa sheria hiyo humruhusu Mwislamu kufuata sharia ya dini yake, ikumbukwe kwamba sharia ya Kiislamu nayo humwachia mwanamke mali aliyoichuma, wala ndoa haimwondolei umiliki wake. Tangu 2016 iko pia Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo hukataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya Wajir ni ardhi ya namna hiyo. Sheria basi zipo. Kinachokosekana ni mwanamke mwenye kujua kusoma atakayefika mbele ya meza ya karani pamoja na mumewe na kusema, "Andika majina mawili."

Watakuwapo watakaomwambia kwamba hana haja ya jina katika karatasi, kwa kuwa ana mume wa kumtunza na ndugu wa kumtetea. Bibi yake pia alikuwa na mume na ndugu, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kuwa hiyo ni sababu ya kumpokonya mikeka yake.