Zimwi la Gemu Lisiwe Bibi wa Jirani

Stori inayowagawa vijana wa Mikumi na Kilosa safari hii haihusu penzi wala bifu la wasanii. Inahusu zimwi. Ndiyo, zimwi.

Iko hivi. Kuna washkaji, majina kapuni, wanaokutana Mikumi kucheza gemu za mezani za aina ya Dungeons & Dragons, mchezo ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia kisa na kuendesha maadui, wengine wanakuwa mashujaa, halafu dadu ya pande 20 inaamua nani kapiga na nani kapigwa. Msimulizi wao, kijana wa Kilosa, alichoka na majoka ya Ulaya yanayotema moto. Akaamua kuunda mazimwi ya nyumbani.

La kwanza lilikuwa kali kinoma. Nunda mla watu, yule wa hadithi za Waswahili alizochapisha Edward Steere mwaka 1870. Jamaa alichukua namba za chui, akamwongezea uhai na hatua zisizosikika, akamweka kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, pale inapokatiza hifadhi. Jioni, lori limezimika. Meza nzima kimya.

La pili ndilo lililoharibu. Bibi kizee mwenye macho mekundu, anaishi peke yake pembezoni mwa kijiji, usiku anakula watoto. Dada mmoja akaweka dadu chini, akasema bibi yake ana macho hayohayo kwa sababu ya moshi wa kuni, akaondoka. Tangu hapo wapo wanaosema dada ana mambo mengi, gemu ni gemu tu.

Kiukweli, dada yuko sahihi.

Nchi hii vikongwe wameuawa kweli, hasa Kanda ya Ziwa, na macho mekundu yakageuzwa ushahidi wa uchawi. Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo kwa imani za kishirikina. Hakuna mtu aliyewahi kuchomewa nyumba kwa kufanana na joka. Bibi wa macho mekundu yupo, nyumba ya tatu kutoka dukani kwa mangi.

Kuna watakaosema wachawi wamejaa kwenye hadithi za mababu. Sawa. Ila hata kwa upande wa gemu yenyewe, bibi yule ni kazi ya uvivu. Nunda alianza kama paka wa sultani. Alipokula mifugo na watu wakalalamika, sultani alijibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Akaachwa anenepe mpaka akala wana wa sultani mwenyewe. Hapo zimwi lina njaa, lina historia, na lina mtu aliyelilea. Bibi alipewa sura tu, na sura yenyewe ni ya jirani.

Msimulizi hakosi malighafi. Anatoka Kilosa, mji ambao mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalihamisha maelfu ya watu na kukata Reli ya Kati. Aunde zimwi la Mto Mkondoa lisilouawa kwa upanga: mashujaa washawishi kijiji kijenge tuta kabla mvua hazijaanza, huku kila mtu akikataa shamba lake lisichimbwe udongo. Hiyo ni vita ngumu kuliko joka lolote.

Na kama bibi lazima awepo, basi awepo kama mtu wa kulindwa. Usiku kundi linakuja na mapanga, na zimwi lenyewe ni uvumi: kila anayeusambaza, uhai wake unapanda. Ukimkata mmoja, wanausema wawili. Wachezaji wanaoishi kwenye simu saa 24 watalielewa zimwi hilo haraka sana.

Kwa sasa kiti cha dada kiko wazi. Kabla ya kurusha dadu tena, msimulizi anyanyue simu aombe radhi, maana kundi likimkosa mchezaji aliyeona hatari mapema, limepoteza shujaa wake bora.

Wewe ungekuwa kwenye meza ile, ungebaki au ungeondoka? Dondosha maoni yako hapo chini.