Pine ya moto ni kama miti ya shimo

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu munaopeleka chakula kwenye machimbo, leo hatusemi juu ya bei ya dhahabu. Tunasema juu ya pine.

Kutoka Baraka kupanda Fizi, kisha kwenda Lulimba mpaka Misisi, wengi wetu tunapanda moto. Mgonjwa anapanda moto, mama mwenye mimba anapanda moto, unga na mafuta vilevile. Na kati ya hizo moto kuna nyingi za zamani, zile Yamaha DT 125 na AG 100 zilizotumika kwa misioni na mashirika, kisha zikauzwa. Injini zake ni ngumu, hatubishi. Lakini injini haishiki njia. Zinazoshika njia ni pine mbili.

Mwenzetu mmoja wa sendika alitoka shimoni mzima, akaanguka njiani. Pine ya mbele ilikuwa imepasuka zamani, wakaishona kwa uzi. Ikafunguka kwenye mteremko, akavunjika mguu. Miezi mitatu hakushuka shimoni, watoto wakarudishwa nyumbani juu ya minerval. Mwenye moto akasema pine ni kazi ya motari. Motari akasema moto si yake, yeye analeta versement tu. Kila mtu akanawa mikono.

Sisi tunasema hapana. Shimoni tunajua desturi: PDG ananunua miti, sisi tunaikagua kila asubuhi, na mti ukioza hakuna anayeshuka. Pine nayo iwe vile vile. Mwenye moto anunue, motari aangalie, abiria atazame mbele ya kupanda.

Wakati wa kununua, soma namba ubavuni. DT 125 kwa kawaida inavaa 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipimo cha janti, yote kwa inchi. Upana unaweza kutofautiana kidogo, janti haidanganyiki. Pine ya 17 haiwezi kukaa kwenye janti ya 18. Madukani utaona zaidi zile za moto za India na China, na ile ya 21 inakuwa ya kutafuta. Njo maana musingoje iishe: mujiunge watu watano, mutume mtu Uvira au ng'ambo ya ziwa, Kigoma.

Tafuta pia namba nne mwishoni mwa alama ya DOT. Ukiona 2319, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Pine iliyokaa miaka mingi dukani inang'aa, lakini mpira wake umekauka. Ikunje kidogo: ukiona nyufa, iache. Na kama kuna mshale ubavuni, unafuata namna gurudumu linavyozunguka.

Pine mpya inataka mpira wa ndani mpya. Tosha kutu kwenye janti, weka utepe wa kufunika vichwa vya spoku, kwa maana hivyo njo vinatoboa mpira.

Upepo upimwe asubuhi, pine ikiwa baridi. Kupiga teke si kupima. Fuata kipimo cha moto yako, na ukibeba watu au mizigo, nyuma iongezewe kama kitabu kinavyosema. Pine yenye upepo kidogo inajikunja, inapata joto, inakatika ubavuni. Kisha kagua: tosha mawe, tafuta misumari, tazama kama meno yamelala.

Na ile ya kushona? Tunajua maisha ni magumu, njiani mtu anafanya anavyoweza. Lakini iwe nyuma tu, bila abiria, polepole, mpaka nyumbani. Mbele, hapana hata siku moja. Ya mbele ikipasuka, usukani unakuponyoka.

Tunaomba mambo mawili. Kila koperative inunue kipimo kimoja cha upepo na pompi moja, vikae pale moto zinapopakia. Na kila mwenye moto aandike na motari wake karatasi: pine na mpira wa ndani ni vya mwenye moto, upepo na viraka ni vya motari.

Abiria, wewe nawe usione haya. Inama, utazame pine ya mbele. Ukiona uzi, shuka.